Kabla ya Mlango wa Hospitali: Huduma za Dharura Njiani katika Wilaya za Handeni na Korogwe

Faili la mgonjwa wa dharura hufunguliwa anapofika hospitali. Saa aliyopokelewa, mapigo ya moyo, wingi wa damu na dawa ya kwanza aliyopewa, yote huandikwa humo. Yaliyotokea kabla ya hapo, tangu dakika alipoumia au homa ilipompanda hadi gari lilipoingia getini, mara nyingi hubaki kuwa maneno machache ya ndugu aliyemsindikiza. Hata hivyo, tafiti zilizofanyika katika miaka 30 iliyopita, baadhi yake nchini Tanzania, zinaonyesha kuwa sehemu kubwa ya hatima ya mgonjwa huamuliwa katika kipindi hicho kisichoandikwa. Makala haya yanaeleza baadhi ya yale yaliyobainika, na maana yake kwa wakazi na watumishi wa afya wa wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga.

Barabara kuu na njia za vijijini

Wilaya hizi mbili zimekaa kwenye mapito ya magari mengi. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Chalinze huingia Handeni, ikapita Mkata na Kabuku hadi Segera. Hapo njia hugawanyika: tawi moja huelekea Tanga mjini, na jingine hupita Korogwe na Mombo kuelekea Same, Moshi na Arusha. Barabara ya lami ya Mkata hadi Handeni mjini, yenye kilometa 54, na ile ya Handeni hadi Korogwe, yenye kilometa 65, zimefupisha safari ambazo zamani zilikuwa za vumbi na matope.

Nje ya lami hali ni nyingine. Vijiji vingi vya Handeni vimetawanyika katika nyika pana ya wakulima na wafugaji. Upande wa Korogwe, vijiji vya Bungu na Vugiri viko juu ya milima ya Usambara, ambako mteremko na mvua huamua kama gari litapita au mgonjwa atashushwa kwa machela au kwa bodaboda. Hospitali ya Magunga mjini Korogwe na hospitali ya wilaya ya Handeni hupokea rufaa kutoka zahanati na vituo vya afya vinavyozizunguka. Mgonjwa anayehitaji huduma ya juu zaidi hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, Tanga mjini, safari ya takriban kilometa 100 kutoka Korogwe.

Kwa hiyo dharura za eneo hili ni za aina mbili. Ipo dharura ya barabarani, ambayo huja ghafla na kuumiza wengi kwa pamoja. Usiku mmoja wa mwanzoni mwa Februari 2023, lori na basi dogo lililobeba waombolezaji waliokuwa wakisafirisha mwili wa marehemu kuelekea Kilimanjaro viligongana katika eneo la Magila Gereza, wilayani Korogwe. Zaidi ya watu 15 walipoteza maisha. Na ipo dharura ya nyumbani, isiyoandikwa magazetini: mtoto mwenye degedege, mama anayevuja damu baada ya kujifungua, mkulima aliyeumwa na nyoka shambani. Zote mbili hushindana na saa.

Ucheleweshaji wa aina tatu

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walichapisha uchambuzi wa vifo vya wajawazito uliogawa ucheleweshaji katika ngazi tatu. Ya kwanza ni kuchelewa kuamua kutafuta tiba. Ya pili ni kuchelewa kufika kwenye kituo cha tiba. Ya tatu ni kuchelewa kupata huduma stahiki baada ya kufika. Mgawanyo huo ulifanywa kwa ajili ya uzazi, lakini unafaa kwa karibu kila dharura, kwa sababu unamwezesha mtumishi wa afya kuuliza swali lililo wazi: mgonjwa huyu alipoteza muda wapi?

Ngazi ya kwanza inahusu uelewa wa ugonjwa. Katika utafiti uliofanywa Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996, ilibainika kuwa wazazi wengi hawakuihusisha degedege na malaria. Waliiona kuwa ugonjwa wa aina yake unaohitaji mganga wa jadi kwanza. Wazazi hao hawakuwa wazembe. Walichukua hatua haraka, ila walikwenda mahali ambapo tiba ya malaria haikuwapo. Funzo lake ni kwamba kumlaumu mzazi hakupunguzi muda. Kinachoupunguza ni kumweleza mapema, kabla mtoto hajaugua, kwamba degedege yenye homa ni dalili ya hatari inayohitaji zahanati saa hiyo hiyo.

Mtoto mwenye malaria kali: dawa ya njiani

Malaria kali humnyima mtoto uwezo wa kumeza. Anatapika, analegea, au anapoteza fahamu, na dawa ya vidonge haina tena njia. Sindano huhitaji mtaalamu, na mtaalamu yuko mbali. Kutokana na ugumu huo likazuka wazo la kumpa mtoto atesuneti kwa njia ya haja kubwa, kijijini kwao, kisha kumkimbiza hospitali.

Wazo hilo lilipimwa katika utafiti mkubwa uliofanyika Tanzania, Ghana na Bangladesh, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2009. Wagonjwa 12,068 waliothibitika kuwa na vimelea vya malaria walihusishwa katika uchambuzi. Waliofika kituoni ndani ya saa 6 hawakuonyesha tofauti kubwa kati ya waliopewa dawa na wasiopewa. Tofauti ilijitokeza kwa waliochelewa. Miongoni mwa wale ambao baada ya saa 6 walikuwa bado hawajafika, vifo na ulemavu wa kudumu vilikuwa asilimia 1.9 kwa waliopata dawa, na asilimia 3.8 kwa wasioipata. Nusu ya wachelewaji hao walikuwa bado njiani au nyumbani hata baada ya saa 15. Dawa ilipunguza hatari kwa nusu, na ilifanya hivyo pale umbali ulipokuwa adui mkubwa zaidi.

Hadithi haikuishia hapo. Kati ya mwaka 2018 na 2020 dawa hiyo ilisambazwa kwa upana katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Nigeria na Uganda, huku watafiti wakifuatilia matokeo yake katika maisha ya kawaida. Safari hii haikuonekana kupunguza vifo. Sababu zilizojitokeza ni za mfumo: watoto wengi hawakukamilisha rufaa, na wengine waliofika hospitali hawakupewa tiba kamili ya sindano ikifuatiwa na dawa mseto. Mwanzoni mwa mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi zisitishe kupanua matumizi ya dawa hiyo hadi mwongozo mpya utolewe, na mwaka 2023 likatoa mwongozo unaosisitiza kuwa itumike pale tu ambapo rufaa na tiba inayofuata zipo.

Maelezo ya kitabibu ya jambo hili ni rahisi. Atesuneti huua vimelea kwa kasi, na dozi moja inaweza kumfanya mtoto afumbue macho na kuomba maji. Mzazi aliyekuwa amekata tamaa huona mwanawe amepona, na nauli ya kwenda hospitali ikabaki kwa matumizi mengine. Lakini vimelea vilivyosalia huzaliana tena, na upungufu wa damu au wa sukari hubaki bila tiba. Kwa hiyo mhudumu anayetoa dawa hii anapaswa kusema maneno haya bila kuyazungusha: dawa hii imenunua muda wa safari, haijamaliza ugonjwa.

Kipimo kinachopendekezwa ni miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, mara moja, kwa mtoto aliye chini ya miaka 6. Pale zahanati inapokuwa na atesuneti ya sindano na mtumishi aliyefunzwa, sindano ya msuli ndiyo chaguo la kwanza kabla ya rufaa, kwa watoto na kwa watu wazima.

Damu inayovuja haingoji

Majeruhi wa barabarani na mama aliyejifungua hukutana katika jambo moja: wote wanaweza kufa kwa kuvuja damu kabla ya kufika chumba cha upasuaji. Hapa pia utafiti umepima thamani ya saa. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa dawa ya asidi ya traneksamiki, inayosaidia damu iliyoganda isiyeyuke, kwa majeruhi 20,211 katika hospitali 274 za nchi 40. Mwaka 2017 yakafuata matokeo ya wanawake 20,060 waliovuja damu baada ya kujifungua katika nchi 21, Tanzania ikiwa mojawapo. Tafiti zote mbili zilionyesha kuwa dawa hiyo hupunguza vifo vya kuvuja damu, lakini kwa sharti kwamba itolewe ndani ya saa 3. Uchambuzi uliounganisha takwimu za tafiti hizo ulionyesha kuwa kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida yake kwa karibu asilimia 10. Ikitolewa baada ya saa 3, faida haipo tena.

Kwa mtu aliye kando ya barabara pale Mkata au Mombo, dawa hiyo haipo mkononi. Kilichopo ni kiganja. Kukandamiza jeraha kwa nguvu na bila kuachia, kwa kitambaa safi, ndiyo tiba ya kwanza ya damu inayotoka, na haihitaji cheti. Dakika zinazookolewa kwa mkono huo ndizo zinazoifanya dawa ya hospitali iwe bado na kazi ya kufanya.

Wanaofika wa kwanza

Katika wilaya nyingi za Tanzania, anayemfikia majeruhi wa kwanza si mtaalamu wa tiba. Ni dereva wa gari linalofuata, mwendesha bodaboda, mama anayeuza machungwa kituoni, au askari wa usalama barabarani. Swali la watafiti limekuwa hili: watu hao wanaweza kufundishwa kuokoa maisha?

Nchini Ghana, madereva 335 wa magari ya biashara walipewa mafunzo ya huduma ya kwanza ya saa 6. Watafiti walipowahoji baadhi yao baadaye, asilimia 61 walieleza kuwa tayari walikuwa wamemhudumia majeruhi tangu kufunzwa. Mjini Kampala, watu 307, wakiwamo polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa, walifunzwa stadi za msingi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa maarifa yao yaliongezeka na kwamba wengi walizitumia stadi hizo.

Hapa nchini, watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Umeå cha Sweden, waliwachunguza askari wa usalama barabarani jijini Dar es Salaam. Ripoti ya mwaka 2018 ilionyesha kuwa askari wengi walikuwa na maarifa haba ya huduma ya kwanza, ingawa kazi yao huwakutanisha na majeruhi mara kwa mara. Baada ya mafunzo, kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2020, maarifa yao na kujiamini kwao viliongezeka. Hakuna sababu ya kitabibu ya kudhani kuwa matokeo hayo yangekuwa tofauti kwa askari, makondakta na waendesha bodaboda wa Segera au Korogwe.

Usafiri kama sehemu ya tiba

Ngazi ya pili ya ucheleweshaji imepata jibu moja la Kitanzania katika upande wa uzazi. Mfumo wa m-mama, ulioanzia kwa majaribio katika Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kitaifa mjini Dodoma mwezi Aprili 2022, unatumia namba ya simu 115, isiyotozwa malipo. Mpokeaji wa simu huuliza dalili, huamua uzito wa dharura, kisha hutafuta gari la wagonjwa. Lisipopatikana, huitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa njia ya simu na familia haidaiwi nauli. Mfumo huu ni kwa ajili ya wajawazito, wazazi waliojifungua karibuni na watoto wachanga. Kwa moto na uokoaji, namba ni 114. Kwa polisi ni 112.

Wazo lililo ndani ya m-mama lina upana kuliko uzazi. Linaonyesha kuwa gari la kawaida la kijijini, likiunganishwa na simu, orodha ya madereva na malipo ya uhakika, linaweza kuwa sehemu ya huduma ya afya. Kamati za afya za vijiji vya mbali zinaweza kuanza kwa hatua ndogo: orodha ya wenye magari na pikipiki walio tayari kuitwa usiku, ikibandikwa zahanati na ofisi ya kijiji.

Yasiyofaa kufanywa

Hamu ya kusaidia inaweza kudhuru. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2011, uliohusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, wakiwamo wa hospitali ya Teule iliyoko Muheza, jirani na Korogwe, uliuliza kama kuwapa watoto wenye homa kali na dalili za mshtuko maji mengi ya mshipa kwa haraka huokoa maisha. Wengi walitarajia jibu la ndiyo. Ikawa kinyume: katika saa 48 walikufa asilimia 10.5 ya waliopewa maji hayo kwa kasi, na asilimia 7.3 ya wasiopewa. Tangu hapo imekuwa wazi kuwa desturi njema nayo lazima ipimwe.

Kwa mwananchi, makosa ya kuepuka ni haya:

Mtu mwenye degedege asitiwe kijiko, kidole wala dawa mdomoni. Alazwe kwa ubavu, aondolewe vitu vinavyoweza kumuumiza, na apelekwe kituoni.

Majeruhi asivutwe kwa mikono au miguu wala kukunjwa ili aingie kwenye gari dogo, isipokuwa pana hatari ya moto au ya kugongwa tena. Abebwe na watu kadhaa kwa pamoja, kichwa, shingo na mgongo vikiwa katika mstari mmoja.

Majeruhi mahututi asipewe chakula wala kinywaji, kwani anaweza kupaliwa au kuhitaji upasuaji.

Aliyeumwa na nyoka asichanjwe, asinyonywe jeraha, wala asifungwe kamba ya kubana. Avuliwe pete na bangili, kiungo kilichoumwa kitulizwe kisitikisike, na apelekwe hospitali.

Anayegusa damu avae glavu. Zikikosekana, mfuko safi wa plastiki mikononi ni afadhali kuliko mikono mitupu.

Kwa watumishi wa zahanati na vituo vya afya

Mgonjwa mahututi atathminiwe kwa mpangilio ule ule kila mara: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, hali ya fahamu, kisha mwili mzima. Mpangilio huu ndio msingi wa mafunzo ya huduma ya msingi ya dharura yaliyotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, baada ya kufanyiwa majaribio Tanzania, Uganda na Zambia. Tatizo linalopatikana katika kila hatua litibiwe kabla ya kwenda hatua inayofuata.

Majeruhi wa ajali anapofika, huduma ya kuokoa maisha itangulie, na fomu ya polisi ifuatiliwe huku damu ikiwa imezuiwa. Rufaa inapoamuliwa, hospitali inayopokea ipigiwe simu kabla gari halijaondoka, ili kundi la damu, chumba cha upasuaji au dawa viandaliwe. Mtoto aliyeanza kupata nafuu baada ya dozi ya kwanza asiruhusiwe kurudi nyumbani. Mlezi aulizwe waziwazi kama ana nauli na nani atabaki na watoto wengine, kwa maana hayo ndiyo yanayokwamisha safari.

Barua ya rufaa ibebe saa tatu: saa ya tukio au ya kuanza kwa dalili, saa mgonjwa alipofika zahanati, na saa alipoondoka. Pembeni yake iandikwe kila dawa, kipimo chake na wakati ilipotolewa. Daktari wa Magunga au Bombo anayepokea mwanamke anayevuja damu atajua kwa kuangalia saa hizo kama bado yumo ndani ya saa 3, na hatalazimika kukisia. Saa hizo hizo zikikusanywa kwa mwaka mzima, timu ya afya ya wilaya itaona kwa macho yake ni wapi wagonjwa wa Handeni na Korogwe wanapoteza muda: katika uamuzi wa nyumbani, katika safari, au katika foleni ya kituo chenyewe. Kila moja ina tiba yake, na haiwezi kutibiwa kabla ya kujulikana.